Mlima gani, buti gani: mwongozo wa kupanda vilima na milima ya Nakuru, Kisumu na Magharibi

Kupanda kunachosha, kushuka kunaumiza. Anayepanda mlima Longonot huishiwa pumzi, hukaa dakika tano, hunywa maji, akaendelea. Anayeshuka kwa miguu iliyokwisha choka ndiye anayeteleza kwenye jivu, ndiye ambaye kucha zake za vidole gumba hugonga ncha ya kiatu hatua kwa hatua mpaka zinaiva, na ndiye ambaye goti lake huanza kuuma katikati ya njia ambapo hakuna bodaboda. Kwa hiyo hapa kila kitu, kuanzia mlima wenyewe hadi soksi, tutakipima kwa swali moja: wakati wa kushuka kitafanya nini?

Mpangilio ni huu: jipime, chagua mlima, kisha ndipo utoe pesa. Wengi huanza mwisho. Hununua buti zito la ngozi kwa sababu limependeza, halafu hutafuta mlima wa kulivalia, na mlima wanaoupata ni Longonot, mahali ambapo raba yenye meno ingewafaa zaidi.

Jipime kabla ya kujaza begi

Tafuta jengo lenye ngazi ndefu na rula. Pima urefu wa kipandio kimoja. Kikiwa sentimita 17, mita 100 za kupanda ni vipandio 590 hivi. Hesabu vipandio vya ghorofa zote, ujue utapanda na kushuka mara ngapi ili ufikishe mita 300. Beba lita 4 za maji begini, yaani kilo 4, na uende kwa mwendo wa kawaida bila kukimbia.

Jibu la mtihani huu hulipati siku hiyo. Unalipata kesho yake, na wakati mwingine keshokutwa. Ukiweza kushuka ngazi za nyumbani bila kushika ukuta, mapaja yako yako tayari kwa mlima wa kiwango cha kati. Ukishuka kinyumenyume kama mtu aliyechomwa sindano, bado. Misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki wakati wa kushuka: inavutwa huku inakaza, na kazi hiyo ndiyo inayoipasua nyuzi ndogondogo. Kutembea tambarare, hata kilomita 10 kila jioni, hakuizoeshi kazi hiyo. Kinachoizoesha ni kushuka.

Kuna kipimo kingine kifupi cha magoti. Simama kwa mguu mmoja kwenye kipandio cha chini, shusha kisigino cha mguu wa pili taratibu hadi kiguse sakafu, kisha rudi juu. Fanya mara 15 kila mguu, mbele ya kioo au mtu wa kukutazama. Goti likilala kwa ndani kabla ya mara ya kumi, endelea na zoezi hilo siku tatu kwa wiki, kwa muda wa mwezi, kabla ya kuwaza mlima wa Homa (Homa Hill) au Longonot.

Hesabu ya saa

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuijaribu Longonot. Kutoka langoni hadi ukingoni mwa kasoko, yaani shimo la volkano, ni kilomita 3 na kidogo, kuzunguka ukingo ni kilomita 7.2, kisha unarudi ulikotoka. Jumla ni kama kilomita 13.5, yaani saa 2 na dakika 42. Kupanda, ukijumlisha mabonde na vilele vya ukingoni, weka mita 800, yaani saa 1 na dakika 20. Inakuwa saa nne. Lakini Naismith alihesabu kwa mtu mwenye afya nzuri asiyesimama kupiga picha. Mgeni aongeze nusu yake: saa sita.

Ukianza saa moja asubuhi, utatoka saa saba mchana. Ukianza saa nne, kama wanavyofanya wengi wanaotoka mbali asubuhi hiyo, utakuwa ukingoni jua likiwa kichwani na utashuka saa kumi ukiwa umekauka. Weka saa ya kugeuka kabla ya kuondoka, na kundi zima liijue. Ikifika, mnageuka, hata kama kilele kinaonekana.

Vilima vya kuanzia

Kwa anayeishi Nakuru, kilima cha Hyrax Hill ni matembezi ya asubuhi tu, na kuna makumbusho ya mambo ya kale pale pale. Hatua inayofuata ni Menengai, mlima wa volkano. Sehemu ya juu kabisa iko mita 2,278 na mji uko kwenye mita 1,850 hivi, kwa hiyo ukianzia mjini kwa miguu utapanda mita 400 na zaidi, na ukifika na gari karibu na ukingo hutapanda karibu chochote. Hilo ndilo linalofanya Menengai kuwa shule nzuri: unachagua kipimo chako kwa kuchagua mahali pa kushukia garini.

Ila kuna mtego. Ukisimama ukingoni, kasoko yenye upana wa kilomita 12 kwa 8 inakuita ushuke ndani. Usishuke siku ya kwanza. Kule chini ni mawe ya lava yenye makali, vichaka vinavyoficha mashimo, joto, na hakuna maji ya kunywa, na mteremko unaoushuka ukiwa mbichi utaupanda saa nane mchana ukiwa umeiva. Ni kinyume cha mlima wa kawaida: kazi ngumu inakuja mwisho. Ukitaka kushuka, nenda na mwenyeji anayeijua njia, mwe watu wanne au zaidi, na kila mtu awe na lita 4. Hata ukingoni penyewe usiende peke yako ukiwa na simu mkononi.

Upande wa Kisumu, Kit Mikayi kule Seme ni mawe makubwa yaliyopandana, si mlima wa kutembea. Ni pazuri kujifunza kuweka mguu kwenye mwamba. Soli laini inayokunjika ndiyo inayoshika pale, buti gumu linateleza. Kakamega kuna Buyangu upande wa kaskazini wa msitu na Lirhanda upande wa Isecheno. Vyote ni vifupi na vinafaa watoto wakubwa, lakini udongo wake ni mfinyanzi, na mvua ikinyesha unakuwa sabuni. Humo msituni chomeka suruali ndani ya soksi, maana siafu hawaulizi kiwango chako. Lirhanda ina shimo la zamani la wachimba dhahabu, nalo limejaa popo. Litazame kwa nje.

Hell's Gate ni mbuga ya kutembea na kuendesha baiskeli, tambarare kutoka lango la Elsa, na kwa mgeni ni mahali pazuri pa kujaribu viatu vipya kwa kilomita 15 bila mlima. Korongo lake ndilo la kuogopa. Mvua inaweza kunyesha mbali, wewe juu yako kuna jua, na maji yakakukuta ndani ya kuta nyembamba zisizo na pa kupandia. Aprili 2012 na tena Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu humo. Ukiona wingu jeusi upande wowote, usiingie, hata kama umeambiwa njia imefunguliwa.

Kiwango cha kati: Longonot na Homa

Longonot, mita 2,776, unaonekana mwepesi ukiwa barabarani. Ugumu wake uko kwenye udongo. Ni jivu la volkano lililosagwa na miguu hadi likawa unga, na mvua imechimba njia ikawa mifereji inayofika magotini, mahali pengine kiunoni. Kiangazi unashuka juu ya vumbi linaloteleza kama mtama uliomwagika sakafuni. Mvua ikinyesha kidogo tu, jivu linashikana na njia inakuwa nzuri. Mvua ikinyesha nyingi, mifereji inageuka mito. Siku bora ni ile iliyofuata manyunyu ya usiku.

Ukifika ukingoni, kaa robo saa, kisha jiulize: maji yamebaki zaidi ya nusu? Mapaja yanatetemeka nikisimama? Kama maji yamepungua nusu au miguu inatetemeka, usizunguke. Umeshaona kasoko, rudi. Mzunguko ndio unaokula saa tatu, na katikati yake hakuna njia ya mkato, kwa hiyo aliyechoka upande wa pili wa ukingo anabaki na umbali uleule mbele na nyuma. Juu hakuna maji wala kivuli cha maana. Chini, karibu na lango, kuna nyati na twiga, ndiyo sababu kundi lisitawanyike mwishoni pale watu wenye kasi wanapowaacha wengine kilomita nzima nyuma.

Jambo la langoni: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za taifa. Chupa nyembamba ya maji ya dukani itabaki getini. Njoo na chupa ngumu za kujaza tena. Ada za KWS, shirika la wanyamapori, hulipwa kwa simu, si taslimu, na hubadilika, kwa hiyo ziangalie siku moja kabla.

Homa Hill, juu ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, ni mita 1,751 tu. Mtu wa Nakuru atacheka, maana mji wake uko juu zaidi. Asicheke. Ziwa liko kwenye mita 1,134 hivi, kwa hiyo ni mita 600 za kupanda, sawa na Longonot hadi kileleni, lakini katika joto na unyevunyevu wa ziwa. Hapa mwili hauchoki kwa kukosa hewa, unachoka kwa kushindwa kujipoza: jasho halikauki. Anza alfajiri kweli, saa kumi na mbili, uwe umeshuka kabla ya saa tano. Lita 4 za maji, na moja kati ya hizo iwe na chumvi na sukari: lita 1 ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ukizidisha chumvi utatapika, kwa hiyo onja. Isiwe na chumvi kuliko machozi.

Mwenye kuishi Kisumu na asiye na siku nzima afanye mazoezi kwenye vilima vya Kajulu na mteremko wa Nandi ulio juu ya mji. Njia ni za wanakijiji, basi salimia, uliza, usipite katikati ya shamba la mtu.

Wazoefu: Cherangani na Elgon

Cherangani huzidi mita 3,500 lakini si milima ya volkano, migongo yake ni mirefu na ya mviringo. Huko tatizo ni kupotea njia ukungu ukishuka, na majani yenye maji yanayolowesha kiatu chochote ndani ya dakika ishirini. Chukua mwenyeji. Kwa maoni yetu ni mahali bora kuliko Elgon pa kulala juu ya mita 3,000 kwa mara ya kwanza, kwa sababu ukiumwa kichwa usiku unaweza kushuka upesi hadi kwenye makazi ya watu.

Elgon ni jambo lingine. Kilele kirefu zaidi cha mlima wote ni Wagagai, mita 4,321, upande wa Uganda. Upande wetu tuna Koitobos, mita 4,222. Unapita Kitale, Endebess, hadi lango la Chorlim, na unapanga na askari wa wanyamapori kabla, maana hutapanda bila kusindikizwa. Kutoka langoni kuna barabara inayopandwa na gari la magurudumu manne hadi kama mita 3,500. Barabara hiyo ndiyo inayowaumiza watu. Mtu anaamka Kisumu, mita 1,130, jioni amelala mita 3,500, na usiku wa manane kichwa kinampasuka, anatapika, anasema ni chakula cha Kitale. Si chakula. Mwili haukupewa muda.

Fanya hivi. Usiku wa kwanza lala chini, karibu na lango. Siku ya pili panda kwa miguu, au shuka garini mapema utembee saa mbili za mwisho, na ulale mwisho wa barabara. Siku ya tatu ondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kileleni. Kama una siku ya ziada, itumie kabla ya kilele. Kanuni ya jumla ni kwamba juu ya mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Kuna anayeumwa kichwa? Asipande zaidi hadi kiishe. Anayepepesuka kama mlevi, anayekohoa na kukosa pumzi akiwa amekaa, au anayeongea mambo yasiyoeleweka anashushwa saa hiyohiyo, hata usiku, angalau mita 500 hadi 1,000. Dawa ya maumivu isitumike kuficha dalili ili mtu aendelee kupanda.

Kuhusu pango la Kitum, ambako tembo huchimba chumvi ukutani: mwaka 1980 na 1987 wageni waliokuwa wamelitembelea waliugua virusi vya Marburg, na popo wa matunda ndio wanaobeba virusi hivyo. Lipige picha kwa nje, pita.

Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo mikavu zaidi Magharibi. Miezi mingine hesabu mvua ya alasiri: upepo wa ziwa huingia bara mchana, hugonga miinuko ya Nandi, Kakamega na Kericho, hupanda, na ifikapo saa nane au tisa kuna radi na pengine mvua ya mawe. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Zikiwa chini ya 30, ondoka mgongoni mwa mlima, usikae chini ya mti uliosimama peke yake, na kundi litawanyike mita kumi kumi.

Viatu

Kwa vilima vya kuanzia na Longonot kiangazi, raba ya kukimbilia yenye meno ya milimita 4 au zaidi inatosha. Ni nyepesi, inakauka upesi, na kifundo cha mguu kinapata nguvu zake chenyewe. Tatizo ni jivu linaloingia juu. Dawa yake ni ya bure: kata soksi kuukuu ndefu sehemu ya vidole, ivae kama mkono wa sweta juu ya kifundo, ishushe ifunike mdomo wa kiatu.

Buti la kufunika kifundo linahitajika ukibeba zaidi ya kilo 10, au Elgon na Cherangani. Jipya ni ghali, na mitumba ya soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili ina mabuti mazuri, ukifika mapema kabla kamera, yaani bidhaa bora za kwanza, haijachaguliwa. Lakini buti la mitumba lina ugonjwa mmoja usioonekana. Kati ya soli ya chini na ngozi kuna tabaka la povu, na mara nyingi povu hilo ni la poliyurethani, aina ya plastiki. Unyevu wa hewa huivunja polepole hata kama buti halijavaliwa. Buti linaweza kung'aa kama jipya, lakini baada ya kilomita tano soli inabaki njiani kama ulimi wa mbwa.

Lichunguze hivi. Bonyeza povu kwa ukucha wa kidole gumba, pembeni juu ya soli. Likirudi kama mpira, sawa. Ukucha ukiacha alama, au unga ukibaki kidoleni, rudisha. Kisha likunje buti kwa nguvu penye vidole mara kumi na uangalie kama kuna nyufa ndogo kama za tope lililokauka. Tazama lebo ndani ya ulimi: nyingine huwa na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Likiwa limepita miaka kumi, liache, hata kwa bei ya soda. Fundi anaweza kushona soli iliyoachia gundi, lakini povu lililooza halishoneki. Na ukikutana na buti gumu la plastiki lenye vifungo vya chuma, hilo ni la skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji, halikunjiki, usidanganyike na ubora wake.

Kipimo cha mguu: nenda alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi utakazovaa mlimani. Usifunge kamba. Sukuma mguu mbele hadi vidole viguse. Nyuma ya kisigino kidole kimoja cha shahada kiingie bila kubanwa. Vikiingia viwili, buti ni kubwa. Sasa funga kamba, simama kwenye ubao ulioinama au mteremko wa mlango wa duka, uso ukiangalia chini, na upige ncha ya buti ardhini mara tatu. Kidole gumba kikigusa mbele hata mara moja, buti hilo litakunyang'anya ukucha. Muuzaji atasema litapanuka. Ngozi hupanuka kwa upana, urefu wa soli hauongezeki.

Lizoeze kilomita 30 za kawaida kabla ya mlima: sokoni, kanisani, kazini. Kata kucha siku mbili kabla, si asubuhi ya safari.

Kufunga kamba kuna namna mbili kwa siku moja. Kupanda, legeza juu ili kifundo kicheze. Kabla ya kushuka kaa chini, gonga kisigino nyuma ya kiatu, kaza kamba kwenye mgongo wa mguu, na pale kiatu kinapokunjika zungusha kamba mara mbili badala ya moja kabla ya kupanda tundu linalofuata. Fundo hilo linashika kisigino nyuma na vidole havifiki mbele. Ni dakika mbili, na ndizo zinazookoa kucha.

Gambuti? Kwenye matope ya Elgon si jambo la kuchekwa, wenyeji huyavaa. Ila mguu hucheza ndani wakati wa kushuka, kwa hiyo weka soli nene ya ndani na soksi mbili.

Soksi za pamba hunyonya jasho na kukaa nalo, ngozi inalainika, na malengelenge yanaanza. Tafuta za sufu au sintetiki. Kwenye mitumba hakuna lebo ya kuaminika, basi vuta uzi mmoja na uuchome kwa kiberiti: sufu inanuka nywele zilizoungua na kuwa majivu yanayosagika, sintetiki inayeyuka na kuacha tone gumu, pamba inawaka kama karatasi. Ukihisi joto mahali pamoja mguuni, simama hapo hapo, kausha, bandika plasta. Ukisubiri kituo kinachofuata, lengelenge limeshajaa.

Nguo na begi, kwa kifupi

Joto hupungua nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000. Kisumu ikiwa 30, Koitobos mchana ni kama 10, na usiku kambini maji huganda. Vaa kwa tabaka: fulana ya michezo isiyo ya pamba, sweta la flisi, na juu koti la kuzuia mvua na upepo. Majaketi mazito mengi ya mitumba yalishonwa kwa ajili ya skii. Utayajua kwa mkanda wa lastiki ndani ya kiuno, wa kuzuia theluji. Ni mazuri sana kambini Elgon na ni adhabu Longonot. Jinzi ziache nyumbani: zikilowa zinakuwa nzito, zinabana goti, na hazikauki hadi kesho.

Begi la siku ni lita 20 hadi 25, la Elgon lita 40 hadi 50. Inamisha kichwa, tafuta mfupa unaojitokeza shingoni, mtu akupimie kutoka hapo hadi usawa wa mifupa ya nyonga. Huo ndio urefu wa mgongo wa begi. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Mizigo mizito, yaani maji na chakula, iwe katikati na karibu na mgongo. Ikikaa nje itakuvuta nyuma ukipanda na kukusukuma mbele ukishuka. Ndani weka mfuko mnene wa ndani wa gunia la mbolea uliooshwa vizuri: hakuna begi lisilopitisha mvua ya Magharibi. Maji, hesabu nusu lita kwa saa na zaidi kwenye joto. Chakula: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, njugu, viazi vitamu. Tochi ya kichwani ibebwe hata kama mnarudi saa saba.

Fimbo na hatua za kushuka

Fimbo mbili huondolea magoti sehemu ya uzito. Kwa kushuka ziwe ndefu kidogo: shika fimbo kiwiko kikiwa kimekunjwa pembe mraba, kisha ongeza sentimita 5 hadi 10. Mpini wa fagio unatosha. Usikate mti hifadhini.

Kwenye jivu, tanguliza kisigino, kichimbe, mwili ukiwa wima. Anayeegemea nyuma kwa woga ndiye anayekalia makalio. Kwenye mfinyanzi wenye maji, geuka ubavu na uweke soli nzima. Kwenye mwamba, soli nzima na goti lililolegea. Popote ulipo, hatua ziwe fupi na goti lisinyooke kabisa. Pumzikeni dakika tano kila nusu saa, hata kama hakuna anayelalamika, maana mguu uliochoka haujulikani hadi uteleze.

Mkirudi nyumbani, toa soli za ndani na kamba, kung'uta jivu lote, kwa sababu linasaga nyuzi za kiatu kama msasa, futa kwa kitambaa chenye maji, jaza magazeti na uyabadilishe baada ya saa chache. Anika kivulini penye upepo. Usiweke buti kando ya jiko wala juu ya bati la jua kali: gundi itaachia, ngozi itapasuka, na wiki ijayo utakuwa umerudi Kibuye.